Mama anahema, tarehe ya moyo ipo karibu na ya kifua ipo mbali. Tushike foleni ipi?

Shikamoo Anti,

Naomba usitaje jina langu wala mkoa, huku kwetu tunajuana wote na manesi wengine ni majirani kabisa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi na mama yangu, ana miaka 63. Presha anayo siku nyingi na dawa anakunywa vizuri tu, walimbadilishia kama mwaka juzi hivi maana zile za mwanzo zilikuwa hazimshushi. Sasa toka mwaka jana anakohoa, kikohozi kikavu, hakina makohozi ya maana, afu miezi ya karibuni kaanza kuhema, yani akitoka chooni kurudi ndani anasimama mlangoni, anashika fremu, anapumua kwanza ndo aingie. Jioni miguu inavimba, ukibonyeza na kidole panabaki shimo. Kazi yake miaka yote ni maandazi na supu, anapikia kuni kwenye lile jiko la uani lililozibwa pande zote. Na zamani mimi bado mdogo aliwahi kuugua TB, akamaliza dozi akapona.

Tumeenda hospitali, daktari kijana akamsikiliza kifua mbele na nyuma akasema inaweza ikawa moyo inaweza ikawa mapafu, nawaandikia rufaa mbili muende mkaonane na mabingwa. Hapo ndo mtihani ulipoanza Anti. Ya moyo tumepewa tarehe kama mwezi na nusu mbele, ya kifua ni hospitali nyingine na wanasema miezi mitatu na ushee. Dada wa mapokezi hakuniangalia hata usoni, anaandika huku kabana simu na bega, nikamuuliza hakuna ya karibu karibu? akanijibu kila mtu anataka ya karibu.

Sasa nyumbani kumekuwa bunge. Dada yangu wa Dar anasema mama aende moyo tu, moyo ndo unaoua haraka, mambo ya kifua baadaye. Kaka yupo Uingereza, yeye anasema kule unaingia kwenye mtandao unaona hospitali ipi wiki ngapi, nyie huko mnakwenda kama mnacheza bahati nasibu, kwahiyo nipige simu hospitali zote kubwa za serikali niandike za moyo wanasubiri muda gani na za kifua muda gani, kwenye foleni fupi yeye atalipia fast track, ile njia ya haraka ya kulipia. Nimeanza kupiga, nina daftari, ila wengine hawapokei, wengine wanasema wewe njoo alfajiri uwahi namba. Mdogo wetu wa mwisho yeye kashasema ni TB imerudi, mama kasikia kanuna mpaka leo. Na pale nje ya geti kuna kijana kanipa namba yake, anasema elfu hamsini tu tarehe inasogea.

Anti nisaidie, ipi foleni fupi kati ya moyo na kifua kwenye hospitali za serikali? Na kama ya moyo ndo fupi, tumpeleke huko kwanza hata kama ugonjwa upo kwenye mapafu? Na nani aende naye, dada anasema nimpakie tu kwenye treni yeye atampokea.

Mwalimu, mwenye daftari

---

Marahaba mwanangu, na pole sana, mpe pole na mama.

Kabla sijafika kwenye foleni, kuna mambo ambayo hayana foleni kabisa. Mama akianza kuhema akiwa amekaa tu, akashindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, midomo ikawa ya bluu, akazimia, akakohoa damu, akapata maumivu mazito ya kifua yanayokwenda mkono au taya, au mguu mmoja ukavimba ghafla na kuuma huku pumzi inakata, hapo sahau tarehe zote. Mnakwenda dharura hospitali iliyo karibu, saa hiyohiyo hata kama ni saa nane usiku, na wagonjwa wa dharura hawaulizwi barua ya rufaa. Mwambie kila mtu hapo nyumbani, hata yule mtoto anayebaki naye mchana wewe ukiwa shuleni.

Haya, sasa daftari lako. Mimi ni nesi mstaafu, sio daktari, ila nimekaa OPD, yani idara ya wagonjwa wa nje, miaka mingi sana na nimeona familia nyingi zikihesabu hivyo unavyohesabu wewe. Unauliza tarehe ya kumuona bingwa. Hiyo tarehe ni kipande kimoja tu cha kusubiri, na mara nyingi wala sio kile kirefu. Mgonjwa anafika siku yake, anakaa benchi toka asubuhi, anaingia kwa daktari mchana, daktari anasoma rufaa anaona hakuna kipimo hata kimoja kilichoambatanishwa, anaandika eko (ile picha ya moyo ya ultrasound), eksirei, damu, mgonjwa anatoka anakwenda dirisha la bima, anaambiwa eko njoo wiki mbili zijazo, akishapata majibu anapangiwa tena tarehe ya kuyapeleka kwa daktari. Kwahiyo mwenye tarehe ya mwezi na nusu asiye na vipimo na mwenye tarehe ya miezi mitatu aliyekuja na kila kitu mkononi, wa pili anaweza kabisa akaanza dawa mapema kuliko wa kwanza. Nimeliona hilo kwa macho yangu na linaudhi.

Na huyo kaka yako wa Uingereza mwambie kwanza yuko sahihi kwamba kule namba zinatolewa hadharani, kila idara na zake, moyo peke yake na mapafu peke yake. Ila asome vizuri wanahesabu nini. Kule England saa inaanza kuhesabiwa rufaa ikishapokelewa na inasimama matibabu yakianza, siku ya kuonana na daktari mara ya kwanza haiisimamishi kama hajaanza kutibu. Lengo lao ni asilimia 92 ya wagonjwa wawe ndani ya wiki 18, na miaka mingi sasa hawajalifikia. Vipimo kama eko vina saa yake nyingine, wiki 6. Unaona? Hata wenye mtandao wametenganisha kumuona daktari, kupimwa na kuanza kutibiwa. Sisi kwetu huwezi kufungua simu ukaona hayo, inabidi uulize mwenyewe, ila ukiuliza uliza hivyo vitatu, sio kimoja.

Umeniuliza ipi fupi, moyo au kifua. Kwa Tanzania foleni hizi mbili haziendi sawa na kuna sababu. Moyo una taasisi yake nzima, JKCI, yani Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Upanga Dar ndani ya eneo la Muhimbili, ilianza kazi 2015, kabla ya hapo wagonjwa wengi wa moyo walikuwa wanapelekwa India. Mbali na hapo kuna hospitali za kanda kama Bugando na KCMC, na Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ina huduma za moyo. Watu ni wengi, foleni ni ndefu, lakini inatembea, kuna madaktari kila siku. Mabingwa wa mapafu ni wachache, kliniki ya kifua mara nyingi ni kitengo ndani ya idara ya magonjwa ya ndani na ina siku zake maalumu kwenye wiki, ikiangukia sikukuu basi tena. Ndo maana ya kifua unapewa tarehe ya mbali hata kama watu waliopanga mstari sio wengi kivile. Lakini sehemu kubwa ya magonjwa ya kifua haimsubiri bingwa wa mapafu, TB inapimwa na kutibiwa hadi kwenye kituo cha afya, pumu na kifua cha moshi wa kuni vinaweza kuanza kushughulikiwa na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, yule mnayemuita fizishiani, hapohapo hospitali ya rufaa ya mkoa.

Na huyo fizishiani ndo foleni ninayotaka uishike wiki hii, kabla ya hizo mbili. Mama kaandikiwa rufaa mbili na daktari kijana ambaye, simlaumu, hakujua aegemee wapi. Fizishiani ana uwezo wa kuegemea. Tena ukiangalia dalili ulizoniandikia kuna za pande zote, kuvimba miguu na kuhema akitembea kidogo na presha ya miaka vinanuka moyo, moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha na TB ya zamani vinanuka mapafu, na kuna watu wana vyote viwili maana mapafu yakiharibika muda mrefu moyo upande wa kulia unafanya kazi kupita kiasi mpaka unachoka, miguu inavimba, ndugu wanasema moyo kumbe chanzo kipo kifuani. Upungufu wa damu unaweza kumfanya mtu aheme hivyohivyo. Figo nazo zinavimbisha miguu. Sasa hapo ukikimbilia foleni fupi kwasababu ni fupi unaweza kufika kwa bingwa wa moyo akakuambia moyo uko vizuri nendeni kifua, na tarehe ya kifua mshaiachia.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako umekipita haraka haraka mimi nimekisoma mara mbili. Dawa za presha zilibadilishwa mwaka juzi, kikohozi kikavu kikaanza mwaka jana. Kachukue pakiti zote anazokunywa, zote, na zile alizopewa na jirani, angalia majina. Kama kuna captopril, enalapril au lisinopril, hizo dawa ni nzuri kwa presha na kwa moyo lakini zinawaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu cha kukera, koo linawasha usiku, na kinaweza kuanza wiki au miezi baada ya kuzianza. Ukikuta amlodipine, hiyo nayo inawavimbisha watu vifundo vya miguu jioni. Sijasema mama hana ugonjwa, kule kushika fremu ya mlango ili apumue hakuelezwi na vidonge hivyo na lazima kupate jibu. Ila nimeshaona mtu anazungushwa kliniki ya kifua mwaka mzima kwa kikohozi cha dawa. TAFADHALI msimwachishe wenyewe, presha ikipanda ghafla ni balaa jingine, mpelekee daktari zile pakiti aamue yeye, dawa za kubadilisha zipo. Na kikohozi chenyewe hakikatiki kesho yake, kinaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kwa fizishiani ombeni vipimo ambavyo kwa kawaida vinafanyika mkoani: eksirei ya kifua, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), damu kamili, figo, mkojo, VVU, na makohozi kwa GeneXpert, mashine ya kupima TB. Hicho cha mwisho mashine yenyewe inatoa jibu kwa kama saa mbili, kinachochelewesha ni foleni ya maabara, na kinaonyesha pia kama kuna usugu wa rifampisini, dawa kubwa ya TB. Kwavile anakohoa kavu makohozi yatasumbua kupatikana, aende asubuhi na amuombe nesi amuelekeze jinsi ya kuyatoa kutoka ndani, sio mate. Na mwambieni daktari kuhusu TB ya zamani maana makovu yake kwenye eksirei yanaweza kumchanganya msomaji. Mdogo wako alivyoropoka kwamba TB imerudi kamkosea mama adabu, lakini kikohozi cha wiki mbili na zaidi lazima kipimwe TB, awe nani awe nani. Mwambie mama anapimwa ili ifutwe kwenye orodha, na kwamba kwenye hospitali za serikali ni bure kupima na bure kutibu. Mimi wagonjwa wangu wa rika lake walikuwa wanakubali haraka nikiwaambia tunapima kwa ajili ya wajukuu.

Eko ulizia kama ipo hapo mkoani. Kama haipo ulizia pia mabingwa wa moyo wanakuja lini, siku hizi JKCI wanatoka na kambi mikoani, wanapima eko na ECG hukohuko, na kuna madaktari bingwa wanaozungushwa kwenye halmashauri, matangazo yanapitia redio za mkoa na ofisi ya mganga mkuu. Yupo mtu anakaa na tarehe ya Dar mfukoni huku bingwa huyohuyo yupo mjini kwao wiki nzima.

Tarehe zote mbili mlizopata msiziachie hata moja mpaka mjue ugonjwa upo wapi. Ukishakuwa na majibu, muombe fizishiani aandike rufaa upya, mgonjwa aliyekuja na "anahema, achunguzwe" na aliyekuja na "moyo umepanuka kwenye eksirei, miguu imevimba, ECG imeambatanishwa" hawapangwi sawa. Hapo sasa rudi kwenye daftari lako, ila piga simu hospitali mbili tatu tu ambazo mnaweza kweli kwenda. Uliza kliniki ni siku gani. Uliza eko inafanyika siku hiyohiyo au inapangiwa yake, majibu yanasomwa siku hiyo au mnarudi, na wanakubali eko ya nje au wanarudia yao. Uliza pia mtu asipotokea nafasi yake mnampa nani, wengine wana utaratibu wa kukupigia kama umeacha namba. Kwa NHIF hakikisha fomu ya rufaa imejazwa vizuri na ina muhuri, mkiruka ngazi bila rufaa bima inaweza kugoma na mkalipa mfukoni.

Dada yako wa Dar ana moyo mzuri ila mwambie afikirie na mbele. Ikiwa ni moyo kweli, mama hatakwenda mara moja, atakwenda kliniki mwaka hadi mwaka, dawa zinaongezwa zinapunguzwa. Kwahiyo kama Dodoma ni karibu kwenu na wanaweza kumhudumia, mimi ningechagua Dodoma hata kama tarehe yao ni wiki mbili tatu baada ya ile ya Dar. Akihitaji upasuaji au mambo makubwa wao wenyewe watamsogeza JKCI.

Fast track sio dhambi, ipo kihalali kwenye hospitali kubwa za serikali, unalipa dirishani unapewa risiti, na mara nyingi unaonwa na mabingwa walewale. Ila hela ya kaka isiishie kwenye kumuona daktari mapema halafu mama akarudi kusubiri eko kwenye foleni ya kawaida, aulize kwanza fast track inabeba na vipimo? Kama haibebi, atoe hela kwenye eko na nauli, ile ya kumuona daktari mtasubiri. Yule kijana wa getini ni kishoka. Futa namba yake. Tarehe hawezi kuisogeza, na hata akiisogeza maana yake kuna mama wa mtu mwingine amesukumwa nyuma.

Wakati mnasubiri, chumvi ipungue kabisa, na supu ya kwake mwenyewe asionje onje, alale kaegemea mito, na jiko litoboeni ukuta au kuni zihamie nje chini ya mti, hilo mnaweza kulifanya Jumamosi hii. Tafuta mizani, mama apimwe kila asubuhi akitoka chooni kabla ya chai, uandike. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu ni maji hayo yanajaa, rudini hospitali, msisubiri kliniki.

Na hapana, usimpakie kwenye treni peke yake, mtu anayeishiwa pumzi mlangoni atapandaje ngazi za stesheni na mzigo? Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu uende naye wewe. Daktari atauliza analala na mito mingapi, anaamka usiku kutafuta hewa au la, kikohozi kinazidi saa ngapi, na dada yako hawezi kuyajibu hayo, mama mwenyewe atasema "sijambo tu daktari" kama wanavyosema wote wa umri wake.

Anti